Jina Langu Limo?

Kwetu delta ya Tana mafuriko huja jua likiwaka. Mgeni hushangaa: angani hakuna hata wingu, vumbi linatimka barabara ya Garsen, na mto unapanda. Maji yanayotufunika hayakunyesha kwetu. Yamenyesha Mlima Kenya na Nyandarua, yakajaza bwawa la Masinga, yakateremkia Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, yakapita Garissa na Hola, na safari yote hiyo ni ya siku kadhaa. Ndiyo maana mama yangu hana habari na mawingu. Yeye ana kijiti. Jioni hukichomeka ukingoni, akakata alama kwa kisu pale maji yalipofika, na alfajiri huenda kukitazama kabla hajawasha moto.

Mwaka 2018, msimu wa mvua za masika, kijiti kilizama chote kwa usiku mmoja.

Tulitoka na magodoro mawili, sufuria, kuku watano, na vyeti vyangu vya shule ndani ya ndoo yenye kifuniko. Mahindi yalikuwa yamebeba. Tuliyaacha chini ya maji, tukaiacha miembe imezama kiunoni, tukapanda juu ya barabara kwa sababu barabara ndiyo iliyokuwa kilima pekee. Huko tukakuta nusu ya kijiji. Usiku ulikuwa wa mbu na wa kuhesabiana, maana maji yale huja na viboko na mamba, na hakuna mama anayelala bila kupapasa vichwa vya watoto wake gizani, mmoja mmoja.

Siku ya tatu alikuja msichana aliyevaa jaketi lenye msalaba mwekundu, na daftari mkononi. Akachutama mbele ya mama, akamwita "mama", akauliza tuko wangapi, kuna mjamzito, kuna anayenyonyesha, kuna mgonjwa, kuna asiyeweza kutembea. Mama alijibu kila swali kwa mkato, kama mtu anayedaiwa. Alikuwa na haya. Hakuwahi kuomba kitu kwa mtu. Lakini msichana alipoinuka kwenda kwa jirani, mama alimshika pindo la lile jaketi, akasema:

"Jina langu limo?"

Msichana hakusema "limo" akaenda zake. Alichutama tena, akaligeuza daftari, akaweka kidole chini ya mstari. Mama hajui kusoma. Aliutazama ule wino, kisha akanitazama mimi. Nikaitikia kwa kichwa. Hapo ndipo nilipomwona anavuta pumzi, kwa mara ya kwanza tangu tutoke nyumbani.

Tulipewa turubai, blanketi, chandarua, sabuni, mitungi ya maji na vyombo vya jikoni. Turubai lile bado lipo. Siku hizi tunaanikia mpunga.

Nakiri kwamba mpaka wakati ule nilidhani Msalaba Mwekundu ni wazungu wanaoshuka na ndege. Yule msichana nilikuja kujua ni wa Tarasaa, hapa hapa delta, nyumba yao nayo imo majini, na alikuwa amelala juu ya meza ya darasa siku mbili. Shirika lenyewe ni la Kenya kwa sheria: Bunge lililianzisha tarehe 21 Desemba 1965, kwa Sura ya 256 ya Sheria za Kenya, badala ya lile tawi la Msalaba Mwekundu wa Uingereza lililokuwapo enzi za mkoloni. Kazi yake kisheria ni kuwa msaidizi wa serikali, kuu na za kaunti, wakati wa maafa, bila yenyewe kuwa idara ya serikali. Maneno haya nilifundishwa baadaye ukumbini, na niliyapigia miayo. Nilichokielewa haraka ni kitu kingine. Mwaka 2011, wakati wa ukame uliokausha kaskazini, kulikuwa na mchango wa Kenyans for Kenya. Lengo lilikuwa shilingi milioni 500 na lilipitwa. Shuleni kwetu kila mtoto aliambiwa alete alichonacho, nami nikatoa shilingi kumi niliyopewa ya mandazi, kwa kinyongo kikubwa. Pesa zile zilikwenda Turkana na kwingineko, sio kwetu, lakini nikilitazama lile turubai huwa najidanganya kwamba pembe moja niliilipia mimi.

Basi nikajiunga na wajitolea wa tawi. Mafunzo ya huduma ya kwanza, kufunga mfupa uliovunjika kwa vijiti na kitambaa, kumgeuza mtu aliyezirai alalie ubavu. Kanuni saba za harakati ya Msalaba Mwekundu nilizikariri kama sala: ubinadamu, kutopendelea, kutoegemea upande, kujitegemea, kujitolea, umoja, umataifa. Tano kati yake hazijawahi kuninyima usingizi. Nitafika kwenye hizo mbili.

Oktoba 2023 redio zilisema El Niño inakuja, kisha zikasema haitakuwa kali kama ilivyohofiwa, na watu kwetu wakachukua ile habari ya pili kwa sababu ndiyo iliyokuwa tamu. Novemba mto ukavimba. Nchini kote mvua zile ziliua watu zaidi ya 150, na Tana River ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizoumia sana. Barabara ya kwenda Lamu ilikatika. Safari ya bodaboda ya nusu saa ikawa ya boti, na boti ni za kuhesabu, na kila mtu ana mgonjwa wake.

Watu wakisikia habari za uokoaji hufikiria boti. Picha za boti ndizo zinazopigwa. Mimi nawaambia kazi kubwa ni daftari. Boti ikiwa na injini na petroli, na nahodha anaujua mto, itafika. Daftari likikosewa, mtu analala njaa huku amezungukwa na magunia.

Nililikosea.

Niliandikisha kambi nzima kwa siku mbili, hema kwa hema, turubai kwa turubai, nikajiona hodari. Siku ya kugawa, watu wakapanga foleni, jina likaitwa, kitambulisho kikatazamwa, kidole kikagusa wino, mzigo ukatoka. Mwisho wa foleni alibaki nyanya mmoja. Alikuwa amesimama pembeni tangu asubuhi, hakusukumana na mtu. Alipokuja mbele aliniuliza swali lile lile la mama yangu, kwa maneno yale yale.

Nikafungua kurasa. Nikazirudia. Nikaangalia kwa jina la mume wake marehemu, nikaangalia kwa jina la mwanawe.

"Halimo, nyanya."

"Haya, mwanangu. Labda mwaka ujao."

Hakusema kwa kejeli. Ndicho kilichonimaliza. Akaokota fimbo yake akaanza kuondoka.

Hakuwa kambini. Alikuwa kwa mtoto wa dada yake, juu kidogo ambako maji hayakufika, watu kumi na wawili katika vyumba viwili. Nyumba yake ilikuwa imebebwa nzima, lakini kwa kuwa alipata jamaa wa kumstiri, kwangu mimi hakuwa mhanga. Na wenye nyumba, ambao unga wao wa wiki mbili uliisha kwa siku nne, nao hawakuwa wahanga. Nilikuwa nimehesabu maturubai badala ya kuhesabu watu.

Kumpa palepale nje ya orodha nisingeweza. Ukimpa mmoja hivyo, wengine ishirini watakuuliza yeye ni nani wako, nao watakuwa na haki. Nikamfuata kiongozi wa timu nikamweleza kosa langu, nikitarajia kufokewa. Alichoniuliza ni, "Wengine kama yeye wako wapi?" Kesho yake tulizunguka na mzee wa kijiji nyumba hadi nyumba, kwenye nyumba ambazo kwa macho hazina shida yoyote, tukiuliza kila mlango: mmelala wangapi usiku wa jana? Kurasa mbili zilijaa. Nyanya alipata mzigo wake katika mgao uliofuata. Kati ya mgao ule na huu zilipita siku tisa, na siku hizo tisa ni zangu.

Tangu hapo sitaki orodha inayokaa mfukoni. Tunaisoma hadharani, barazani, jina baada ya jina, mbele ya kila mtu. Inachosha na huchukua nusu siku, lakini hakuna kichujio kama hicho. Wakati mmoja mzee fulani, simtaji, alituletea orodha aliyoiandaa mwenyewe kwa mwandiko mzuri sana. Tukaisoma. Jina la nne likaitwa, umati ukacheka: "Huyo yuko Mombasa tangu enzi za Kibaki!" La tisa likaitwa, hakuna aliyecheka, maana tulikuwa tumemzika Agosti na mimi nilikuwa mmoja wa waliobeba jeneza. Mzee akasema macho yake siku hizi hayaoni vizuri. Tukamwitikia kwamba ni kweli, umri una mambo, tukafuta, tukaendelea. Hakuna aliyemwaibisha zaidi ya hapo. Alikuwa bado ndiye mzee wetu, na kesho yake tulimhitaji atuonyeshe njia.

Sasa zile kanuni mbili.

Asiyetoka kwetu lazima aelewe kwamba delta ni ya Wapokomo wanaolima na ya Waorma wanaofuga, na Wardei pia, na mto ni mmoja. Mkulima anataka shamba lifike ukingoni. Mfugaji anataka malka, ile njia ya ng'ombe kushuka kunywa maji, na malka ikilimwa ng'ombe hawana pa kupita. Agosti 2012 watu walichinjana katika kijiji cha Riketa, Septemba katika kijiji cha Kilelengwani, na kufikia Januari 2013 waliokufa walikuwa wamepita mia moja. Nilikuwa na miaka kumi na tano. Mimi ni Mpokomo. Kuna majina ya wakati ule ambayo nyumbani hayatajwi wakati wa chakula.

Novemba ile ya 2023 nilitumwa kuandikisha manyatta ya Waorma iliyozungukwa na maji pande zote. Tulikwenda kwa boti, watatu. Nilivaa jaketi, lakini jaketi halifichi uso wala lafudhi. Mzee aliyetupokea alinitazama muda mrefu.

"Wewe ni mtoto wa nani?"

Nikamtajia baba yangu kwa jina lake na la babu. Alikuwa anamjua. Hakusema anamjua kwa heri au kwa shari. Akanyamaza, akaagiza chai, tukanywa chai ya maziwa katikati ya mafuriko, mbuzi wakikohoa nyuma yetu. Kisha akaelekeza fimbo kwenye jaketi langu.

"Na huo msalaba? Sisi ni Waislamu."

Nikamweleza nilivyofundishwa: kwamba alama ile haikutoka kanisani, ni bendera ya Uswisi iliyogeuzwa rangi, kwa heshima ya nchi ya Henry Dunant, aliyewaona majeruhi wa vita vya Solferino mwaka 1859 wakifa bila wa kuwapa maji. Na kwamba hapo jirani Somalia ndugu zetu hao hao wanatumia Hilali Nyekundu, kazi ni moja. Akafikiri.

"Sawa. Lakini mngetuuliza sisi, tungewachorea ng'ombe."

Tukacheka wote, hata wanawake waliokuwa nyuma ya turubai. "Andika," akasema. "Anza na yule pale." Akaonyesha mjane mwenye watoto wanne, wawili wanaharisha.

Tulianza na kuhara, hata kabla ya majina. Maji ya Tana wakati wa mafuriko yana rangi ya chai ya maziwa. Nilichota ndoo ya lita kumi, nikamimina pakiti moja ya unga wa kusafishia maji, nikakoroga dakika tano mbele yao. Tope likaanza kujikusanya mabonge, likazama. Nikaacha litulie, nikachuja kwa leso safi ya pamba kwenye ndoo ya pili, nikawaambia tungoje dakika ishirini ndipo dawa imalize kuua vijidudu. Katika dakika zile ishirini hakuna aliyeondoka. Watoto walikuja kutazama chini ya ndoo, maana chini ya ndoo palionekana. Msichana mmoja alitumbukiza mkono, akautazama ukiwa ndani ya maji, akautoa, akautumbukiza tena.

Manyatta ile tuliipa mgao mapema kuliko kijiji changu. Kule kulikuwa na wagonjwa na hakukuwa na njia ya nchi kavu. Kwetu kulikuwa na barabara. Hiyo ndiyo kutopendelea: anayeumia zaidi hutangulia, basi, awe nani. Kutoegemea upande ni jambo jingine, ingawa watu huyachanganya. Hilo linanikataza mimi, nikiwa na jaketi lile, kusema malka ni ya nani. Nina maoni. Nimezaliwa nayo. Lakini siku nitakayoyasema barazani, boti yangu haitapokelewa tena upande wa pili, na yule mjane ndiye atakayelipa.

Nyumbani hawakunielewa. "Umewaandika wao kabla yetu?" binamu yangu aliniuliza, na alipita wiki nyingi bila kunisalimia. Mama hakusema neno. Aliniwekea chakula kama kawaida, ila nyama hakuniwekea. Sijui mpaka leo kama ilikuwa imeisha.

Juu ya pesa. Maji yalipoanza kupungua na maduka kufunguliwa, baadhi ya kaya zilitumiwa fedha kwa M-Pesa badala ya mizigo. Mimi nilipinga, tena kwa sauti, nikasema wanaume watazinywa. Nilikuwa nasema nisilolijua. Tatizo lililotupata lilikuwa la aina nyingine kabisa: laini. Kina mama wengi laini zao zimesajiliwa kwa kitambulisho cha mwana, cha mkwe, cha mtu aliyehamia Malindi. Vitambulisho vingine vilikuwa vimekwenda na maji. Tulitumia siku nzima kulinganisha namba na majina, na mama mmoja aligundua hapo hapo, mbele ya watu, kwamba laini aliyotumia miaka sita ni ya mume aliyeachana naye. Lakini ujumbe ulipoingia, nilimsindikiza mmoja wao sokoni kwa udadisi wangu tu. Alinunua jembe, mbegu ya mpunga, na nusu kilo ya sukari. Nikanyamaza. Siku hizi msimamo wangu ni mwepesi: barabara ikiwa imekatika na duka halina kitu, lete turubai na unga, barabara ikifunguka, mpe mtu pesa na umwache, anaijua nyumba yake kuliko wewe.

Na sisi wenyewe tunachoka. Watu wanadhani tunalipwa vizuri. Ni posho ya nauli na chakula, na wakati mwingi nyumba ya mjitolea ndiyo ya kwanza kuingia maji. Baada ya Novemba ile nilikuwa naamka usiku nikihesabu: kurasa, majina, mitungi. Namba 1199 nilikuwa nimeigawa kwa watu kwa miezi, ya bure, ya kuzungumza na mshauri. Usiku mmoja nikaipiga mimi. Nilitaja jina langu la kwanza tu. Tulizungumza zaidi kuhusu yule nyanya kuliko kitu kingine chochote, jambo ambalo sikulitarajia.

Mwaka 2024 hatukupewa hata nafasi ya kuvuna. Aprili maji yakarudi. Tarehe 28 boti ilipinduka huko juu, Madogo, karibu na Garissa, watu wakafa, na wenzetu wakasaidia kutoa majini 23 wakiwa hai. Habari ile tuliisikia tukiwa tunapakia mizigo, na kwa muda hakuna aliyeshika kitu. Kisha mmoja akasema maji yale yatatufikia baada ya siku chache, tukaendelea kupakia.

Mama alikuwa tayari amekata alama mbili juu ya ile ya 2018.

Asubuhi niliyotoka na daftari jipya, sijafika hata nyumba ya kwanza, mtoto wa kama miaka minane alinikimbilia kwenye matope, ameinua mkono juu kama aliyebeba yai. Alikuwa ameshika kipakiti cha maziwa kilichooshwa na kukunjwa, kimefungwa kwa uzi. Ndani mlikuwa na kitambulisho.

"Nyanya amesema nikupe kabla hujaanza kuandika," akasema. "Na amesema ukishaandika, nione mimi. Mimi najua kusoma."